Nilivyosamehewa Beberu Nisiyemwiba

Jamani, hili jambo nililifunika muda mrefu, na hata leo nisingelifunua kama si shemeji yangu mmoja ambaye ameshalisimulia kwenye harusi tatu, na kila harusi anaongeza chumvi, mara ya mwisho nilisikia beberu amekuwa ng'ombe na mimi nilikuwa na panga. Bora aibu yangu niibebe mwenyewe, mnicheke mara moja, tumalizane. Ndiyo, yule mwanamume aliyepiga magoti kwenye gulio karibu na Himo, amevaa kaptula ya kubana na kitenge cha mama muuza nyanya, akiungama wizi wa mbuzi mbele ya watu ambao sikuwahesabu na sikutaka kuwahesabu, ni mimi, Felisian, mwenye duka la dawa za mifugo pale Pasua, baba wa watoto wawili, mtu ambaye maishani mwake hajaiba hata kifaranga.

Ili muelewe lazima nianze na kaka yangu Prosper, maana yeye ndiye niliyekuwa nakwenda kumwomba msamaha siku hiyo, na kosa nililomkosea yeye lilikuwa la kweli. Mama yetu aliugua miaka sita. Kaka ndiye aliyebaki naye kihambani, kwenye shamba letu la ukoo huko juu njia ya Marangu, akamwogesha, akamlisha, siku za kliniki akambeba mgongoni mpaka barabarani, na mimi niliyekuwa mjini kazi yangu ilikuwa kupiga simu (Jumapili, nikikumbuka). Mama alipofariki wakanipa mimi neno la shukrani kwa niaba ya familia, eti kwa sababu naongea vizuri, na mimi nikaamini, nikasimama pale na karatasi yangu nikamshukuru padri, nikaishukuru kwaya, nikawashukuru waliotuletea maturubai, nikamshukuru mpaka dereva wa gari la maiti kwa jina lake. Kaka yangu sikumtaja. Si kwamba nilikusudia, nilimsahau tu, na nikifikiria sana naona kusahau ndiyo mbaya zaidi. Kaka aliegemeza ukutani koleo alilofukia nalo kaburi, akaingia ndani, na tangu siku ile hakunisemesha tena kwa miaka miwili.

Shangazi yetu Yustina ndiye aliyehangaika katikati yetu, leo anampelekea yeye maneno, kesho ananiletea mimi, mpaka siku moja akanipigia simu akaniambia, "Jumamosi, saa tano. Kaka yako amekubali kukaa na wewe, na wazee wawili watakuwepo kushuhudia. Uje na sale. Na Felisian, usinichezee, amesema saa sita ikifika hujaonekana anafunga mlango, na akiufunga hata mimi nisimbembeleze tena maisha yangu yote."

(Kwa wale mliotoka mbali: sale ni ule mmea wenye majani marefu tunaoupanda mipakani. Mchagga akikosa, kosa zito, anachuma jani la sale na kwenda nalo kwa aliyemkosea, na aliyekosewa, hata kama moyo unamwaka moto, hawezi kulikataa. Padri mwenyewe akiletewa sale analipokea.)

Sasa, miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimenunua baiskeli ya mashindano ya mtumba, zile za tairi nyembamba na usukani uliopinda kama pembe za kondoo, nikajiunga na watu sita wa hapa mjini tunaoendesha pamoja mwisho wa wiki. Kiongozi wetu ni Exaud, fundi baiskeli, na yeye ndiye aliyetufundisha siri ya upepo: wa mbele ndiye anayepigwa, wa nyuma akijibana karibu na tairi lake anapita mahali palipotulia, anakwenda mwendo uleule bila kutoa jasho la maana. Sisi tunaita kubebwa. Na kubebwa kuna adabu zake, Exaud alizirudia mpaka tukazichoka, kwamba ukimfikia mtu usiyemjua msalimie, mwambie upo nyuma yake, na ukishavuta pumzi upite mbele na wewe umbebe kidogo. "Pale nyuma yake ni kama nyumbani kwake," alikuwa anasema. "Huingii bila hodi."

Na mimi nilikuwa mkali wa hiyo sheria kuliko Exaud mwenyewe. Wiki mbili kabla ya mkasa huu kuna mgeni mmoja alinikalia nyuma kimya kimya kuanzia Kiboriloni, basi nikasimama kando ya barabara nikamsimamisha na yeye, nikamhubiria habari za malezi na heshima mpaka mtu wa watu akageuza baiskeli akarudi alikotoka. Nilijisikia vizuri siku nzima.

Jumamosi ilipofika nikatangaza nyumbani kwamba nakwenda kwa kaka kwa baiskeli. Mke wangu aliniangalia kutoka kwenye kofia ngumu ya baiskeli mpaka kwenye vile viatu vya kugonga gonga sakafuni akaniuliza, "Unakwenda kuomba msamaha au unakwenda kushindana?" Nikamjibu kwamba kaka akiniona nimepanda mlima kwa miguu yangu atajua nimejutia kweli (ukweli ni kwamba nilitaka pia aione baiskeli). Sale nilichuma kwenye uzio wa jirani, nilimwomba, msianze. Kulikunja ningelivunja, mfukoni haliingii, basi nikalifunga kwa uzi mbele kwenye usukani, likasimama wima linapepea, kijani, unaliona kutoka mbali kama bendera. Suruali na shati la heshima nikavitia kwenye begi mgongoni, nibadilishe nikikaribia.

Kiboriloni nilipita nikiwa mfalme. Baada ya hapo nyumba zinapungua, barabara inafunguka, mashamba ya mahindi kulia na kushoto, na hapo upepo unaotoka upande wa Holili ukanipokea kifuani kama vile nina deni nao. Nikainama, nikabadili gia, nikabadili tena, gia zikaisha. Nikawa nakanyaga kwa nguvu zote na mama mmoja aliyebeba kuni kando ya barabara tunakwenda sambamba, tukaangaliana, akanionea huruma akapunguza mwendo.

Ndipo nikaona mbele yangu kichaka kinatembea. Nilipokaribia nikaona ni mzigo wa majani ya ng'ombe, mpana kuliko mlango, umefungwa nyuma ya baiskeli nyeusi ya kizamani ya chuma kizito, na mbele ya mzigo, karibu haonekani, mzee wa miaka sabini hivi amevaa kofia ya pama na gambuti, anakanyaga polepole bila wasiwasi. Nikasema nitamsalimia, nitampita, itakuwa picha nzuri. Nikajisogeza nyuma yake nijipange kupita, na ghafla upepo ukakatika. Kimya. Ni kama mtu alikuwa amesahau dirisha wazi halafu akaja akalifunga.

Nikajiambia nipumzike kidogo tu, mpaka pale kwenye kibao cha shule. Kibao kikaja kikapita. Nikasema basi mpaka darajani. Na hapo ndipo nilipoharibu, maana shikamoo ina wakati wake, ndugu zangu. Shikamoo ya dakika ya kwanza ni adabu, ya dakika ya tano unaweza kusingizia upepo, lakini ukishakaa nyuma ya mzee wa watu robo saa unamhemea mgongoni, kumwambia shikamoo ni sawa na kumwambia, "Mzee, muda wote huu nilikuwa nakuibia." Kila dakika iliyopita shikamoo yangu ilizidi kuwa nzito, mwisho nikaona isiyosemwa ina aibu ndogo kuliko itakayosemwa. Nikanyamaza. Kuhusu kupita mbele nimbebe na yeye, nilijiambia huyu mzee mambo haya hayajui, na mzigo wake ule hautabebeka nyuma yangu, na sababu nyingine kama tatu ambazo sasa hivi sizikumbuki. Vipande vya majani vilikuwa vinachomoka kwenye mzigo vinaniingia mdomoni, nikavitafuna, sikulalamika.

Mzee alikuwa anaongeza mwendo, naongeza. Anapunguza, napunguza, na baiskeli yangu ukiacha kukanyaga inalia tik-tik-tik-tik, kwa hiyo kama nilidhani hajanisikia nilikuwa najidanganya. Halafu nikaanza kuona watu wa kando ya barabara wananitazama kwa namna ya ajabu. Wanawake waliokuwa wanapalilia waliinua migongo, mmoja akaweka mkono kifuani akamwita Mungu kwa Kichagga, "Ee Ruwa!" Nikajua ni uzuri wa baiskeli. Nikampungia mkono. Akaja dereva wa bodaboda, akapunguza mwendo ubavuni kwangu, akalitazama sale, akanitazama mimi, akatazama mgongo wa mzee, akatikisa kichwa.

"Pole sana, kaka," akaniambia. "Jikaze."

"Asante," nikamwambia. "Ni upepo tu."

Akasogea mbele kwa mzee, akamwambia kitu kwa Kichagga, maneno yakachukuliwa na upepo sikuyasikia. Nilichoona ni kwamba mgongo wa mzee ulinyooka. Hakugeuka. Akaendelea kukanyaga vilevile, taratibu, mpaka tulipofika kwenye kagulio kabla ya Himo, nyanya, ndizi, nguo za mitumba, watu wamejaa, akainua mkono wa kulia juu kama polisi wa barabarani, akasimama. Na mimi nikasimama, maana ningemgonga.

Mzee alimkabidhi baiskeli yule wa bodaboda, aliyekuwa ametangulia kutusubiri pale, akavua kofia, akajifuta uso, akageuka, na ndipo nilipomwona usoni kwa mara ya kwanza. Alikuwa ananitazama kwa huruma.

"Shikamoo, mzee," nikasema, hatimaye.

"Marahaba, mwanangu. Vuta pumzi kwanza, umetoka mbali." Akasubiri. Watu wakaanza kusogea. "Nimekusikia tangu kule kwenye kibao. Nikasema nimwache aseme mwenyewe. Nikaongeza mwendo nione kama utakata tamaa, hukukata, nikajua huyu amekusudia. Halafu huyu bwana akaniambia umebeba sale. Lakini sale halipokelewi njiani kama karanga, linataka mashahidi. Mashahidi ndio hawa. Haya, sema. Umenikosea nini?"

Nikatazama usukani wangu. Lile jani lilikuwa pale, limesimama, na kwa mara ya kwanza nikaliona kwa macho yao: mtu asiyejulikana, kimya, kichwa ameinamisha, sale mbele, anamfuata mzee kilomita na kilomita bila kusema neno. Hata mimi ningedhani hivyohivyo.

"Mzee, hapana," nikasema. "Samahani sana. Hili sale si lako. Mimi nilikaa nyuma yako kwa sababu ya upepo."

"Upepo?"

"Ndiyo, ulikuwa unanikinga. Nilikuwa... nabebwa."

Mama mmoja wa nyanya akauliza, "Anabebwa na nani, si ana baiskeli yake mwenyewe?" na mwingine akajibu, "Anaogopa huyo, mpeni maji," na wa tatu akasema watu wa mjini wote ndivyo walivyo, wakifika penyewe wanageuza maneno. Mzee akanisogelea akaniwekea mkono begani.

"Usiogope," akasema kwa sauti ya chini. "Ninajua ni nini. Ni beberu."

"Aaaah!" gulio zima likaitikia, na nikaelewa kwamba habari za huyo beberu walikuwa wanazijua wote isipokuwa mimi. Nikaelezwa palepale, kila mtu akiongezea chake. Mzee Anaeli (ndilo jina lake) alikuwa amemfuga beberu wa ndafu, yule wa kuchomwa mzima, kwa ajili ya kipaimara cha mjukuu wake, akamlisha mwaka mzima, na alfajiri ya siku yenyewe wakakuta zizi tupu, wageni wakala wali na kabichi. Na mbaya zaidi, mzee alikuwa amemshuku jirani yake wa mpakani, rafiki yake tangu wakiwa watoto, na tangu hapo hawasalimiani.

Huku nyuma nikasikia, "Kumbe ndiye huyu!" na sauti hiyo haikuwa ya huruma hata kidogo. Mwanamume mmoja akaokota jiwe, sijui la nini, na sikutaka kujua. Mzee akamgeukia akamfokea, "Weka chini! Mwenye sale haguswi!" Jiwe likawekwa chini, karibu na mguu wa mwenyewe.

Hapo nikapiga hesabu ya haraka ambayo mpaka leo naiona haikuwa na kosa. Nikikana, sale si lake, na kama sale si lake basi halinilindi, na mimi nitabaki kuwa mgeni aliyemnyemelea mzee njia nzima. Nikikubali, nimeshasamehewa. Njia fupi ya kutoka pale ilikuwa ni kuwa mwizi. Nikapiga magoti.

Sasa ile kaptula ya baiskeli, kwa wasioijua, inabana kila kitu na nyuma ina kitu kama kigodoro, na haikushonwa kwa ajili ya toba. Nikasikia mama wa nyanya anapiga kelele, "Jamani mfunikeni huyu, kuna watoto hapa!" na kitenge kikanidondokea kiunoni.

"Ni mimi, mzee," nikasema kutoka ndani ya kile kitenge. "Beberu nilimchukua mimi."

"Ulipitia wapi?"

"Mlangoni."

"Mlango ulikuwa na kufuli. Uzio wa nyuma ndio uliovunjwa."

"Ndiyo, mzee, nasema mlango... wa kule nyuma. Nilioufungua."

"Na wenzako walikuwa nani?"

"Nilikuwa peke yangu."

Watu wakatazama miguu yangu, wakatazamana. "Yule beberu alikuwa mkubwa sana," mzee akasema kwa mashaka, na nikaona msamaha wangu unataka kunitoka kwa sababu ya wembamba wa miguu yangu.

"Alinitesa, mzee," nikasema haraka. "Tulianguka naye mara mbili."

Hilo likamridhisha. Akauliza taratibu kama mtu anayeulizia habari za ndugu aliyeko mbali, "Alikuwa mtamu?"

"Alikuwa mtamu, mzee."

"Nilijua," akasema, na machozi yakamlengalenga.

Akalifungua sale kwenye usukani wangu kwa mikono yake, akaliinua watu walione, akasema, "Nimelipokea. Sidai kitu. Yameisha." Wanawake wakapiga vigelegele. Halafu akaomba simu ya yule wa bodaboda, akapiga, na mbele yetu sote akasema, "Aminieli? Mimi Anaeli. Usikate. Nimempata, haikuwa wewe. Nisamehe, ndugu yangu." Akasikiliza muda mrefu. Mimi niliyekuwa najiandaa kucheka moyoni, kicheko kikaniisha. Niliona aibu ya kweli, ile inayochoma, kwa sababu mzee wa watu alikuwa anafanya kwa dhati kile ambacho mimi nilikuwa naigiza. Na ndiyo maana mpaka leo sijarudi kumwambia ukweli, beberu nimemwacha awe wangu. Yule aliyemchukua kweli, popote alipo, kosa lake limeshaombewa msamaha, na asinishukuru.

Nikatazama saa, saa tano kasoro dakika kumi.

"Mzee," nikasema, "samahani, lile jani... nalihitaji."

"La nini tena?"

"Nalipeleka kwa kaka yangu."

"Kwani naye alikuwa na mbuzi?" akauliza mama wa nyanya, na gulio likaangua kicheko. Mzee hakucheka. Aliniambia sale likishapokelewa limekwisha kazi, halirudi mkononi, akalitia ndani ya kofia yake akaivaa. Nikarudisha kitenge, nikavaa suruali juu ya kaptula, nikaondoka.

Mtaniuliza kwa nini sikuchuma jingine, huko juu si yamejaa? Yamejaa, kila mpaka, lakini sale la mpakani ni la mwenye mpaka, halichumwi bila kuomba, na mimi siku hiyo nilishakuwa mwizi anayejulikana, ningekamatwa mara ya pili nikiwa na ushahidi mkononi. Kuanzia Himo ule mlima nikaupanda nusu kwa kukanyaga nusu kwa kusukuma, suruali ya heshima inanasa kwenye mnyororo. Yule wa bodaboda alinipita mara mbili na abiria, na mara zote mbili aliwaonyesha ni nani.

Nilifika saa sita na dakika kumi. Uani walikuwepo wale wazee wawili na vibuyu vyao vya mbege, pombe yetu ya ndizi, shangazi Yustina amekaa kwenye kigoda ameshika simu, na mlango wa nyumba ya kaka ulikuwa umefungwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Hiyo shikamoo kaa nayo. Hii ni nini?" Akanigeuzia simu. Kwenye kundi la ukoo kulikuwa na picha yangu nimepiga magoti na kitenge cha maua, na chini yake watu wameshaandika mengi. "Nimekuambia uje na sale kwa ndugu yako, wewe umeligawa sokoni kwa mbuzi! Tangu lini unaiba mbuzi, na dawa zao unauza wewe?"

Nikaenda mlangoni. "Hodi," nikasema. "Hodi, kaka." Nikaona chini ya mlango kivuli cha miguu, kumbe amesimama palepale upande wa pili. Nikaanza kueleza, na kwa sababu sikuwa na kitu kingine mkononi nikaeleza ukweli wote, upepo, mzigo wa majani, shikamoo iliyonikwama, jiwe, beberu. Nilipomaliza nikasikia sauti ya kaka yangu, ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka miwili.

"Kwa hiyo mzee wa watu anapigwa na upepo, wewe umejificha nyuma yake."

"Ndiyo, kaka."

"Na hukumwambia kitu."

"Sikumwambia."

"Na mimi je?"

Miaka miwili nilikuwa najieleza moyoni kwamba lilikuwa kosa la karatasi, jina limeruka, linaweza kumtokea yeyote. Sikuwahi kujiuliza mtu aliyekaa mbele miaka sita alikuwa anapigwa na nini. Wazee wale wawili walikuwa wananitazama, na mimi, muongeaji mzuri wa familia, nikainama nikaweka mdomo kwenye tundu la kufuli, nikasema polepole ili wasisikie, "Kaka, asante kwa mama. Nisamehe."

Kaka akasema, kwa sauti ambayo hata jirani wa chini aliisikia:

"Felisian. Mbuzi asiye wako umemuungama mbele ya gulio zima. Hili ni lako, unaninong'oneza?"

Basi nikasimama wima. Nikageuka nikawaangalia wale wazee, na shangazi, na majirani waliokuwa wameshaanza kuegemea migomba kusikiliza, na nikasema kwa sauti yote niliyobaki nayo baada ya mlima ule, kwamba mama yetu alioga kila siku kwa sababu ya Prosper, alikula kwa sababu ya Prosper, alifika kliniki kwa mgongo wa Prosper, na kwamba siku tulipomzika mimi nilimshukuru dereva nikamwacha yeye. Sauti ilinikatika katikati, nikalia, tena kilio kibaya kile cha makamasi, sikujifuta, nikaendelea mpaka nikamaliza. Nyuma yangu nikasikia komeo linavutwa.

Kaka alikuwa amenenepa kidogo na nywele zimeanza kuwa nyeupe. Alinitazama uso, akatazama suruali iliyochanwa na mnyororo, akasema, "Ingia. Na uvue hiyo kofia, unaonekana kama mtu wa mgodini." Nilikuwa nimesahau kuivua tangu asubuhi. Alinichotea mbege mwenyewe, na hatukuongea mambo makubwa tena siku ile, tuliongea habari za ndizi na ng'ombe wake aliyekuwa na mimba.

Baiskeli bado naendesha. Ila nimeapa, na kiapo nimekishika: sitakaa tena mgongoni mwa mtu, awe barabarani, awe nyumbani, bila kumwambia nipo na bila kumshukuru wakati bado ananisikia. Nikimwona mtu mbele naanza kupiga kelele "Shikamoo!" nikiwa bado mbali, pumzi iwepo isiwepo, awe mzee, awe mwanafunzi wa darasa la tatu anayetumwa sukari. Wengi wanashtuka, mmoja aliwahi kuingia mtaroni. Exaud anasema ninaaibisha kundi, na Jumamosi iliyopita alinikataza nisiongee kabisa mpaka tufike Himo. Nilijaribu. Nilifika Kiboriloni tu.